Bingwa Aliyeona Barabara Mbili: Ujana wa Marc Márquez na Funzo Lake kwa Waendesha Pikipiki wa Bondeni

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 2011, kijana wa Kihispania mwenye umri wa miaka 18 alianguka na pikipiki katika uwanja wa mashindano wa Sepang, nchini Malaysia. Mazoezi ndiyo kwanza yalikuwa yameanza, na sehemu ya barabara ilikuwa na unyevu wa mvua. Aliinuka. Hakuvunjika mguu wala mkono. Mtu aliyemtazama kwa mbali angesema kwamba Mungu amemnusuru, na kwamba kesho ataendelea na kazi yake. Lakini macho yake hayakuwa kama yalivyokuwa alfajiri ya siku ile: kila alichokitazama alikiona mara mbili.

Jina lake ni Marc Márquez. Wakati huo alikuwa nyuma ya kiongozi wa daraja lililoitwa Moto2 kwa alama tatu tu, na zilikuwa zimebaki mbio mbili msimu uishe. Taji la dunia lilikuwa karibu kiasi cha kuweza kuguswa kwa mkono. Yaliyomkuta kuanzia siku hiyo, namna alivyozuiwa, alivyotibiwa na alivyongoja, yanastahili kusimuliwa katika Bonde la Kyela, kwa sababu anguko la aina hiyo hutokea huku pia, na mara nyingi halina daktari wa kulishuhudia.

Bonde ni nchi ya tambarare. Kutoka Kasumulu, mpakani mwa Malawi, hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, njia hupita katikati ya mashamba ya mpunga, mikakao na michikichi. Kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba abiria na magunia. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imeshikwa na pikipiki. Mama mjamzito anayewahi kituo cha afya, mwanafunzi aliyechelewa, gunia la mchele linalokwenda sokoni Ipinda au Kyela mjini, wote hupanda bodaboda. Vijana wengi wanaoziendesha walijifunza wakiwa wadogo, kwa pikipiki ya kaka au ya mjomba. Kwa jambo hilo moja hawako mbali na bingwa huyu. Naye alianza utotoni, katika familia isiyo na utajiri, kwenye mji mdogo ambao nje ya nchi yake wachache walikuwa wakiujua.

MTOTO WA CERVERA

Márquez alizaliwa tarehe 17 Februari 1993 huko Cervera, mji wa Katalonia wenye wakazi wasiofika elfu kumi. Baba yake alikuwa mwendesha mitambo ya kuchimbia udongo, na mama yake alikuwa karani. Wazazi hao walipenda mashindano ya pikipiki, wakijitolea kusaidia katika klabu ya mji wao. Mtoto alipofikia umri wa miaka minne alipewa pikipiki ndogo ya kitoto. Mdogo wake Álex, aliyezaliwa mwaka 1996, alifuata njia ile ile.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni kwamba mtoto huyo hakupelekwa barabarani. Alipelekwa uwanjani. Alianzia kwenye viwanja vya udongo, akahamia viwanja vya lami, akipanda daraja moja baada ya jingine pamoja na watoto wa rika lake, akiwa amevaa kofia ngumu, glovu, buti na kinga za magoti, na watu wazima wakiwa kando ya njia kumwokota akianguka. Alianguka mara nyingi. Emilio Alzamora, bingwa wa dunia wa mwaka 1999 katika daraja la 125, ndiye aliyekiona kipaji chake na kumwongoza hadi kwenye mashindano ya dunia.

Alikuwa na mwili mdogo mno. Katika daraja la 125, uzito wa mpanda na pikipiki kwa pamoja haukuruhusiwa kupungua kilo 136, na kwa wepesi wake pikipiki ilibidi iongezewe vipande vya uzito ili kutimiza sheria. Udogo huo pamoja na ukakamavu wake ndio uliompatia jina la utani la sisimizi, na hadi leo picha ya sisimizi huonekana kwenye vifaa vyake. Namba yake, 93, ni ya mwaka wa kuzaliwa kwake.

Aliingia katika mashindano ya dunia tarehe 13 Aprili 2008, katika uwanja wa Estoril nchini Ureno, akiwa na umri wa miaka 15 na siku 56. Tarehe 22 Juni mwaka huo huo alishika nafasi ya tatu katika mbio za Uingereza, kwenye uwanja wa Donington Park, akapanda jukwaa la washindi akiwa bado hajatimiza miaka kumi na sita.

Msomaji asidanganywe na neno 125. Injini ya ujazo huo hailingani sana na umbo la kutisha linalofikiriwa watu wanaposikia habari za mashindano: bodaboda nyingi za Bondeni zina injini ya kati ya sentimita za ujazo 100 na 150. Tofauti ni kwamba injini ya mashindano ilitengenezwa kwa kasi, na pikipiki hizo ziliweza kupita kilomita 200 kwa saa. Lakini fuvu la kichwa la anayeiendesha ni lile lile, na ubongo ulio ndani yake ni laini kwa kiasi kile kile.

Mwaka 2010, Márquez alishinda mbio kumi za daraja hilo. Mashabiki wengi hukumbuka zaidi ushindi wa Estoril, tarehe 31 Oktoba. Mvua ilisimamisha mbio. Wapandaji walipokuwa wakielekea kuanza upya, Márquez aliteleza na kuanguka. Mafundi waliitengeneza pikipiki kwa haraka, yeye akaanzia nyuma ya wenzake, na bado akashinda. Wiki moja baadaye, huko Valencia, alitawazwa kuwa bingwa wa dunia, akiwa na umri wa miaka 17.

Kisa cha Estoril ni kitamu, lakini kina hatari yake kikisimuliwa peke yake. Kijana anayekisikia kijiweni anaweza kutoka na fundisho moja: ukianguka, inuka, ondoa matope, panda tena. Mwaka mmoja tu baadaye, mwili wa bingwa huyo huyo ulitoa fundisho la pili.

NEVA NYEMBAMBA

Mwaka 2011 Márquez alipanda daraja la Moto2. Msimu ulimwanzia vibaya, akaanguka mara kwa mara, kisha akajirekebisha na kushinda mbio saba. Alimkaribia kiongozi, Mjerumani Stefan Bradl, hadi wakatengana kwa zile alama tatu. Ndipo likaja anguko la Sepang.

Kilichoumia hakikuonekana kwenye ngozi. Uchunguzi ulionyesha kwamba neva ya nne ya kichwani ilikuwa imepata jeraha, na msuli mmoja wa jicho la kulia umepooza. Wahudumu wa afya wanajua kwamba kila jicho huendeshwa na misuli sita. Mmoja kati ya hiyo, ulio juu upande wa pua na unaopita kwenye kitanzi kidogo kama kamba kwenye kapi, husaidia kulishusha jicho na kulizungusha. Msuli huo una neva yake peke yake, nayo ndiyo neva ya nne.

Neva hiyo ni nyembamba kuliko nyingine zote za kichwani, na ndiyo inayosafiri umbali mrefu zaidi ndani ya fuvu. Hutokea nyuma ya shina la ubongo, ikauzunguka, kisha ikaelekea mbele hadi jichoni. Kichwa kinapogongwa au kutikiswa ghafla, ubongo husukumwa ndani ya fuvu, na neva hiyo nyembamba huweza kuvutwa au kubanwa. Ndiyo sababu pigo ambalo halikupasua fuvu, na wakati mwingine hata halikumpotezea mtu fahamu, linaweza kumwachia tatizo la kuona vitu viwili viwili.

Dalili zake zina sura yake. Picha mbili hazikai kando kwa kando bali moja huwa juu ya nyingine, na mara nyingi moja huonekana imeinama. Tatizo huzidi mtu anapotazama chini: anaposhuka ngazi, anaposoma, anapotazama mahali pa kukanyaga. Wagonjwa wengi huinamisha kichwa upande usio na jicho lililoathirika, kwa kuwa mkao huo huzikaribisha picha mbili ziwe moja. Jirani anaweza kudhani kwamba mtu huyo ana maumivu ya shingo. Mgonjwa akifunika jicho moja, lolote kati ya hayo mawili, picha ya pili hutoweka. Ikiwa picha mbili zinabaki hata jicho moja likiwa limefunikwa, basi kasoro huwa ndani ya jicho lenyewe, wala si katika mpangilio wa macho mawili.

Mwendesha pikipiki hutegemea macho mawili yanayokubaliana ili kukadiria umbali wa gari linalokuja, kina cha shimo na mahali kona inapoanzia. Akiona barabara mbili, hata kasi ya kilomita thelathini kwa saa ni kubwa kwake.

Siku ya mbio, Jumapili tarehe 23 Oktoba, Márquez hakushindana. Siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, Mwitaliano Marco Simoncelli, mwenye umri wa miaka 24, alianguka katika mbio za daraja la juu na kufariki dunia. Wanamichezo wote waliokuwapo walikumbushwa kwa uchungu kwamba mchezo wao si wa kubahatisha.

Wiki mbili baadaye, huko Valencia, macho yalikuwa bado hayajapona, na Márquez hakushindana tena. Taji likaenda kwa Bradl. Kijana aliyeshinda mbio saba alimaliza msimu akiwa wa pili, bila ya kuruhusiwa hata kulipigania taji katika mbio za mwisho.

KUNGOJA

Majeraha mengi ya neva ya nne yanayotokana na ajali hupona yenyewe kwa muda wa wiki au miezi. Kwa hiyo madaktari wa macho kwa kawaida hupima, hurekodi, hungoja na kupima tena. Katika kipindi hicho mgonjwa huweza kufunikwa jicho moja au kupewa miwani yenye prizimu, yaani kioo kinachopinda mwanga ili picha mbili zikutane. Jicho lisipopona, upasuaji wa misuli ya jicho hufikiriwa, nao unalenga kuyapanga macho upya.

Kwa Márquez, majira ya baridi yalipita bila macho kurejea hali yake. Mwezi Januari 2012 alifanyiwa upasuaji huko Barcelona. Alikosa sehemu kubwa ya mazoezi ya maandalizi, wakati washindani wake wakijinoa. Kwa kijana wa miaka 18 aliyezoea kuanguka na kuinuka siku moja, hiyo ilikuwa miezi mirefu. Hakuwa na hakika kwamba angerudi. Upasuaji wa macho hauahidi kwamba mtu ataona sawasawa kila upande na kwa kila mwendo, na kazi yake ilidai hivyo.

Tarehe 8 Aprili 2012 msimu mpya ulianza Qatar. Márquez alishinda mbio hizo. Mwaka huo alishinda mara tisa na kutwaa taji la Moto2. Katika mbio za mwisho, Valencia, alianza katika nafasi ya 33 na kumaliza wa kwanza.

Mwaka 2013 aliingia daraja la juu kabisa, MotoGP. Tarehe 21 Aprili, huko Austin nchini Marekani, alishinda akiwa na umri wa miaka 20 na siku 63, na kuwa mshindi mdogo kuliko wote waliowahi kushinda katika daraja hilo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mmarekani Freddie Spencer, ya tangu mwaka 1982. Tarehe 10 Novemba alitawazwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 20 na siku 266, mdogo kuliko bingwa yeyote wa daraja hilo, akimzidi Jorge Lorenzo kwa alama nne tu. Mwaka uliofuata alishinda mbio kumi za mwanzo mfululizo. Mwaka huo huo wa 2014 mdogo wake Álex alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kukosa mbio mbili mwaka 2011 alipoteza taji moja. Kwa kutulia mpaka jicho lilipotibiwa, alipata mataji yaliyofuata. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi sharti akubali kuzima moto mpaka koleo lingine lipatikane.

MARA ASIPONGOJA

Haki ya kisa inadai upande wake wa pili nao usemwe. Tarehe 19 Julai 2020, huko Jerez nchini Hispania, Márquez alianguka na kuvunjika mfupa wa mkono wa kulia, ule ulio kati ya bega na kiwiko. Alifungwa bamba la chuma siku mbili baadaye. Kabla ya wiki kuisha alikuwa juu ya pikipiki, akijaribu kushindana tena katika uwanja ule ule. Alishindwa. Mapema mwezi Agosti bamba lile lilivunjika, akafanyiwa upasuaji wa pili. Mfupa haukuunga. Mwezi Desemba ulifuata upasuaji wa tatu, uliohitaji mfupa kuchukuliwa kutoka kwenye nyonga, na ikagundulika kwamba mahali pale palikuwa na maambukizi ya vijidudu. Mwaka 2022 alifanyiwa upasuaji wa nne, nchini Marekani, ili mfupa uliounga ukiwa umejipinda urudishwe katika mwelekeo wake. Baadaye alikiri hadharani kwamba kurudi mapema kulikuwa kosa.

Tatizo la macho nalo lilimrudia, mwishoni mwa 2021 baada ya ajali ya mazoezini, na mwezi Machi 2022 baada ya anguko baya nchini Indonesia. Mara hizo mbili aliacha kuendesha, akapimwa tena na tena, na akapona bila kisu. Tarehe 28 Septemba 2025, huko Motegi nchini Japani, alitwaa taji la saba la daraja la juu, akiwa na umri wa miaka 32, miaka sita baada ya lile la sita.

Mtu yule yule, mwenye ujasiri ule ule, aliongozwa na subira mara moja na haraka mara nyingine. Mwili wake ulitoa majibu mawili tofauti.

KIJIWENI NA ZAHANATI

Bingwa wa mashindano ana jambo moja ambalo kijana wa Bondeni hana: kuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia hapana. Katika kila uwanja kuna zahanati, gari la wagonjwa na daktari mkuu wa mashindano, ambaye asiporidhika, mpanda haruhusiwi kuanza, hata taji la dunia likiwa mezani. Kijana wa bodaboda huanguka peke yake usiku, kwenye njia ya matope, hujiokota, na kesho yake alfajiri yuko kijiweni.

Harudi kazini kwa ukaidi peke yake. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kila jioni hudaiwa hesabu. Wengine wako kwenye mkataba wa kuilipia pikipiki hadi iwe yao, na siku ya kulala nyumbani ni siku ya kurudi nyuma. Kumwambia kijana kama huyo apumzike bila kujali hesabu ni sawa na kumwandikia dawa isiyouzwa dukani. Kwa hiyo ushauri wa afya lazima umfikie pia mwenye pikipiki, mke, wazazi na umoja wa madereva wa kijiwe. Kijiwe kinachochangishana kwa ajili ya msiba kinaweza pia kuchangishana ili mwenzao aliyeumia kichwa alale nyumbani wiki moja. Mchango wa aina hiyo ni mdogo kuliko wa mazishi.

Kwa mhudumu wa afya, kisa cha Sepang kinadai maswali machache ambayo hayahitaji mashine. Kijana anapoletwa na michubuko ya goti na kiwiko, jeraha linalotoka damu huvuta macho ya kila mtu, na kichwa husahaulika. Kabla ya kumfunga bandeji na kumruhusu, aulizwe: Uligonga kichwa? Unakumbuka ulivyoanguka na waliokuokota? Ulitapika? Kisha asimamishiwe kidole mbele ya uso, kisogezwe kulia, kushoto, juu na chini, huku akiulizwa, “Kaka, unaona kidole kimoja au viwili?” Akisema viwili, afunikwe jicho moja kisha jingine, na majibu yaandikwe. Itazamwe mboni ya kila jicho kama zinalingana na kama zinaitikia mwanga. Itazamwe pia kama kope imeshuka. Mboni moja iliyopanuka baada ya kugongwa kichwa ni dalili ya dharura, wala si ya kungojea kliniki ya macho.

Mgonjwa na familia yake nao wana zamu yao. Aliyegongwa kichwa asiachwe peke yake kwa saa ishirini na nne za mwanzo. Arudishwe hospitalini bila kuchelewa ikiwa kichwa kinazidi kumuuma, anatapika mara kwa mara, anasinzia na ni vigumu kumwamsha, anachanganyikiwa maneno, anapata degedege, mkono au mguu unalegea, damu au maji meupe yanamtoka puani au sikioni, au anaona vitu viwili viwili. Wakati mwingine mtu huzungumza vizuri kwa saa kadhaa baada ya ajali, kisha hali hubadilika ghafla kwa sababu damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Asinywe pombe, na asimeze aspirini, ambayo huweza kuzidisha kuvuja damu. Asipande pikipiki mpaka mhudumu amempima tena na dalili zote zimeisha.

Kwa waliopo eneo la ajali, pupa ya kumwinua majeruhi ina hatari. Shingo yaweza kuwa imeumia. Kama anapumua vizuri, kofia isivutwe na mtu mmoja; ikibidi kuvuliwa, wawe wawili, mmoja akishika kichwa na shingo visitikisike, mwingine akiivua polepole. Safari kutoka Bondeni hadi hospitali kubwa ya Mbeya hupanda milima kupitia Tukuyu na ina zaidi ya kilomita mia moja, kwa hiyo uamuzi wa rufaa ufanywe mapema, wakati mgonjwa bado anaongea.

Kuhusu kofia ngumu, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na jopo la Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba huipunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Faida hiyo hupatikana ikiwa kofia inamtosha mvaaji na mkanda wake umefungwa chini ya kidevu. Iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu. Iliyokwisha kupata pigo kubwa ibadilishwe, hata kama ufa hauonekani. Abiria anayeogopa kuvaa ya wengi anaweza kutanguliza kitambaa chake safi kichwani. Tena, kichwa cha abiria wa tatu na wa nne waliopandishwa mishikaki hakina kofia hata kidogo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeanguka jana na leo anaiona barabara mara mbili hujua jambo hilo peke yake, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kijiweni anayeweza kuliona kwa niaba yake. Akinyamaza ili asikose hesabu, atampakia mama wa watu na mtoto wake mgongoni, aelekee Ipinda, akikisia ipi kati ya njia mbili zilizo mbele yake ndiyo ya kweli. Márquez alikuwa na umri kama wake siku aliposema anachokiona. Kwa kusema, alipoteza taji la mwaka ule, na macho yake yakabaki kuwa ya kuendeshea pikipiki.